Kila Chombo Kengele Moja

Siku ya tatu tangu msafara wa mumewe ukwame mchangani, Faila Amisi alifunga sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa kitambaa, akapanda boti ndogo ya bandari na kwenda kumlisha.

Hakukuwa mbali. Ukisimama kwenye gati la Matumba uliwaona vizuri: boti ya kusukuma ya rangi ya bluu, na mbele yake matishari matatu ya unga wa mahindi yaliyofungwa pamoja, yote yameinama kidogo upande wa kushoto katikati ya mto Lualaba. Watu tisa walikuwa wamejilaza chini ya turubai, hawana la kufanya. Nahodha wao, Mulonda, alikuwa akimngoja kwenye ngazi.

"Mama Aziza," alisema, akiipokea sufuria kabla hajampokea mkewe, "uduvi wako wamenifanya nini?"

"Hawajakufanya kitu. Hawapo."

"Ndiyo malalamiko yangu hayo."

Alimpa mkono, akampandisha juu. Wafanyakazi walimsalimia kwa uchangamfu wa watu waliosikia harufu ya mawese, wakaichukua sufuria, na mume na mke wakabaki peke yao kwenye pua ya tishari la kwanza. Mulonda alichukua upondo uliochorwa mistari myeupe na myekundu, akauchomeka majini ubavuni mwa chombo, akauinua.

"Mita moja na robo. Jana ilikuwa hivyo hivyo, juzi hivyo hivyo. Nahitaji mita moja na sentimita sabini ili nitoke. Miaka kumi na mbili napita hapa, Faila, na kila kiangazi wadudu wako wanatutangulia, wanatufungulia njia. Mwaka huu wamekwenda wapi?"

Faila alijibu kwa kidole. Upande wa mashariki, ng'ambo ya kisiwa kirefu cha matete, mitumbwi ilikuwa ikipita mmoja nyuma ya mwingine, imejaa mihogo, ndizi, watoto wa shule na baiskeli.

"Wako kule kwa mama yako," alisema. "Wote."

Uduvi hao hakuna aliyewahi kuwala. Kila mmoja alikuwa kidude cha chuma na udongo wa kuchoma, kisichozidi pingili ya kidole, na mtoni walikuwamo laki sita. Walijifukia mchangani, wakapata nguvu zao kutokana na maji yanayopita, na kazi yao ilikuwa moja tu: kutikisika. Mchanga ukitikiswa hulegea, ukilegea mkondo huubeba, na maji yakipata nafasi huchimba yenyewe. Kabla yao, kila kiangazi mto uligawanyika ovyo na vyombo vililala mchangani miezi mitatu. Baada yao, Matumba ilipata kreni, ghala na vibarua mia nne, na soko la Ngendwe, kijiji cha ng'ambo ya mashariki, likawa kubwa kuliko kijiji chenyewe.

Hakuna mtu aliyewaamuru pa kwenda. Walifuata kengele. Chini ya kila chombo cha mto huo, mtumbwi hata tishari, palibandikwa kengele ndogo ambayo sikio la mtu haliisikii, inayolia majini kila chombo kinaposogea. Uduvi walisikiliza, wakagawana kufuata wingi wa kengele. Palipolia nyingi walikwenda wengi.

"Nimekaa asubuhi nzima nikihesabu," Faila alisema. "Mitumbwi ya Ngendwe inayovuka kila siku ni mia mbili na sitini. Wewe una vyombo vinne, na vimesimama, kwa hiyo havilii kabisa. Miaka ya nyuma maji yalikuwa mengi, hata wale wachache wa kwako walitosha. Mwaka huu maji ni haba. Wamechagua."

Mabega ya Mulonda yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa juu ya kamba.

"Kwa hiyo aliyenikwamisha ni mama yangu mzazi!"

"Mama yako na mihogo yake."

"Na aliyeandika kwamba mtumbwi wa mama ulingane na tishari langu la tani mia nne, ni nani?"

Faila hakucheka. Aliyatazama maji.

"Ni mimi, Papa Aziza."

*

Alipokuwa na miaka ishirini na tisa, fundi wa mkondo wa kwanza kuajiriwa Matumba, ndiye aliyeandika sheria ya uduvi. Kila chombo, kengele moja. Watu walipomuuliza baadaye kwa nini, baadhi walitarajia maneno makubwa kuhusu haki. Ukweli ni kwamba siku zile mtoni kulikuwa na mitumbwi na karibu hakuna kingine, na hesabu ya moja kwa moja ilikuwa rahisi. Aliandika mstari huo kabla ya chakula cha mchana, akaenda kula.

Sasa Mkurugenzi Ngongo alikuwa redioni kutoka makao makuu ya Mamlaka ya Mkondo, na alitaka mstari huo ufutwe.

"Dada Faila, sikuamrishi, nakueleza," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Walisoma chuo kimoja, na Aziza alipozaliwa alituma kitambaa cha kumbebea. "Huko chini watu wanangoja unga huo. Nyuma ya Mulonda kuna msafara wa pili, unafika baada ya siku nane. Kengele zihesabiwe kwa tani. Chombo chenye tani mia nne kilie mara mia nne. Mimi nina ufunguo wangu wa kubadili sheria, wewe una wako. Tunaingiza pamoja, dakika mbili, kazi imekwisha."

"Na Ngendwe?"

Redio ilikwaruza kidogo.

"Ngendwe watapita maji yakirudi."

"Hayatarudi kwao, Mkurugenzi. Mtumbwi una mzigo wa nusu tani. Mitumbwi yote ya siku nzima haifikii tishari moja. Uduvi hawatakwenda kule tena, si kiangazi wala masika. Mkondo wa mashariki utaziba, na baada ya miaka miwili utaona matete yameota pale mitumbwi inapopita leo."

"Kuna watu mia nne wanaofanya kazi bandarini kwako. Umewafikiria?"

"Nawaona dirishani."

Na kweli aliwaona. Vibarua walikuwa wamekaa kivulini mwa kreni iliyosimama, wengine wanacheza karata, wengine wanautazama tu msafara uliokwama, wanaotakiwa kuupakua nusu yake kisha kuupakia mbao. Ngongo hakusema uongo. Hilo ndilo lililomtesa. Kama angekuwa anadanganywa, angejua la kufanya.

"Nipe siku tano," alisema.

"Za nini?"

"Za kuwatoa kina Mulonda bila kugusa sheria."

"Utawatoaje?"

"Nitakwenda kuomba."

*

Ngendwe haikuwa na gati. Ilikuwa na ukingo mrefu wa udongo mwekundu uliokanyagwa ukawa laini, na juu yake mitumbwi imepangwa pua zikiutazama mto. Mama Lusamba, mama yake Mulonda na kiongozi wa wanawake wa mitumbwi, alikuwa amepiga magoti ndani ya mtumbwi wake akiziba ufa. Alikuwa na miaka sabini na moja na mabega mapana kuliko ya mwanawe.

"Karibu, mwanangu. Mume wako amekula?"

"Amekula, Mama."

"Sombe ulitia karanga?"

"Nilitia."

"Basi hafi. Kaa hapa, useme lililokuleta, maana uso wako si wa kusalimia."

Faila alikaa kwenye ukingo wa mtumbwi. Wanawake wengine walisogea, kila mmoja na kazi yake mkononi, na alipomaliza kueleza habari ya kengele palikuwa na watu kama thelathini wanaomsikiliza. Alieleza yote bila kuficha: kwamba njia yao ilikuwa nzuri kwa sababu walikuwa wengi, kwamba ya msafara ilikuwa imeziba kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba makao makuu yanataka kengele zipimwe kwa uzito.

"Kwa hiyo," alimalizia, "nimekuja kuwaomba msivuke. Siku nne. Mitumbwi ikae nchi kavu, kengele zinyamaze. Msafara utawasha injini na kujitikisa, kengele zake nne zitalia peke yake mtoni, na uduvi watahamia kwao. Ukitoka, mnarudi majini."

Mwanamke mmoja mwembamba, Anyesi, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alikuwa wa kwanza kusema.

"Siku nne ni masoko mawili. Mihogo yangu imeshatoka kwenye maji. Nitaiambia ingoje?"

"Najua ni hasara, yaya," Faila alijibu, akimwita kama dada mkubwa.

"Na mgonjwa?"

"Mtumbwi mmoja ubaki tayari kwa ajili ya mgonjwa. Kengele moja haitaharibu kitu."

"Na bandari yenu itatufanyia nini sisi?" aliuliza mwingine. "Kila msafara ukipita wimbi lake linatupindua."

Sauti zikapanda. Faila aliziacha zipande. Mwishowe alimgeukia Mama Lusamba, aliyekuwa akiendelea kupaka lami kwenye ufa kwa kijiti.

"Mama, ni Mulonda yule pale."

Mama Lusamba aliinua kijiti.

"Hapo usipite, mwanangu. Usiniombe kama mama yake Mulonda. Ukiniomba hivyo sina jibu ila moja, na hawa wenzangu wataniona nimewauza kwa ajili ya mtoto wa tumbo langu. Niombe kama mwenye mtumbwi."

Faila alihisi uso ukiwaka. Akatafuta maneno upya.

"Nawaomba wenye mitumbwi," alisema, "kwa sababu mnaweza kukataa. Nikigeuza sheria, hakuna atakayewauliza tena kitu chochote. Sitaki kuwa mtu aliyewafanyia hivyo."

Mtoto wa Anyesi alipiga chafya.

"Utaapa hutaigeuza?" Mama Lusamba aliuliza.

"Naapa. Ufunguo ukiwa mkononi mwangu, sitaigeuza."

Mama Lusamba akaweka kijiti chini, akawatazama wenzake mmoja mmoja. Hakuna aliyeitikia kwa furaha, lakini hakuna aliyetikisa kichwa. Anyesi alishusha pumzi, akasema mihogo yake ataifanya unga basi, ingawa bei ya unga wanaijua wenyewe.

*

Siku ya kwanza ya kimya uduvi hawakusogea. Faila alikaa mbele ya kioo cha ramani ya mto ofisini akitazama vitone vya kijani, kila kimoja uduvi elfu, vimejazana mashariki ya kisiwa kana kwamba havijaamini. Siku ya pili, mchana, vikaanza kuvuka. Jioni hiyo Mulonda alipiga redio, sauti yake juu kwa sababu ya ngurumo ya injini aliyokuwa akiiwasha na kuizima tangu asubuhi.

"Mita moja na thelathini na nane! Nausikia mchanga unakimbia chini yangu, Mama Aziza. Unawasha miguu."

"Usisimame. Endelea kutikisa."

"Nikitoka hapa nitakuoa mara ya pili."

"Mara ya kwanza hujaimaliza."

Siku ya tatu asubuhi alikwenda upande wa mashariki kupima, akifikiri atakuta pamepungua kidogo. Boti ya bandari ilikwama kabla hajafika katikati. Aliteremka, na maji yakamfika chini ya goti.

Hakuwa ameikosea hesabu ya uduvi, alikuwa ameukosea mto. Uduvi walipoichimba magharibi, maji yalipata mteremko, yakaenda huko kwa wingi. Mashariki maji yakapungua mwendo, na maji yakipunguza mwendo hutua mzigo wake. Mchanga wa siku mbili ulikuwa umelala pale, laini, mweupe, na unaongezeka.

Kisha akaona lililo baya zaidi, akasema kwa sauti ingawa hapakuwa na mtu: "Hawatarudi." Kwa sababu mtumbwi hauwezi kuelea juu ya maji ya chini ya goti ukiwa na mzigo. Usipoelea hausogei, usiposogea haulii, na usipolia hakuna uduvi atakayekuja kukusaidia usogee. Njia ikishafungwa, ilikuwa imefungwa pamoja na sauti yake.

Msafara ulihitaji siku moja zaidi.

Angeweza kunyamaza. Wanawake wa Ngendwe hawakuwa na kioo cha vitone, na siku moja si ndefu. Alilifikiria hilo, na baadaye alikiri kwa mumewe kwamba alilifikiria kwa muda wote uliomchukua kutembea kutoka katikati ya mto hadi ukingo wa Ngendwe, viatu mkononi.

Aliwaita. Akawaambia.

"Mkiingiza mitumbwi sasa hivi mkaiburuta juu ya mchanga, kengele zitalia, na baadhi ya uduvi watageuka leo leo. Mchanga bado ni mchache. Lakini msafara hautatoka. Utakaa mpaka mvua. Mkingoja mpaka kesho msafara utoke, mchanga utakuwa mwingi, na sijui kama mtaweza. Sijui. Nilisema siku nne na mtarudi majini, nilisema kitu nisichokijua."

Anyesi alitema mate pembeni. "Ulisoma miaka mingapi, fundi?"

"Mingi, yaya."

"Na mto?"

"Inaonekana michache."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfuata, kicheko cha nusu hasira. Mama Lusamba hakucheka. Alikuwa akiutazama ule weupe uliojitokeza katikati ya maji, njia aliyovuka tangu akiwa binti.

"Kule chini unga huo unaliwa na nani?" aliuliza.

"Na watu, Mama. Watu wa mijini, wengi."

"Na sisi tukila unga wetu wa mihogo siku moja zaidi tutakufa?"

"Hapana."

"Basi mimi nangoja. Kesho ukitoa ishara, tutaburuta. Ila na wewe utaburuta. Usituangalie dirishani."

*

Msafara ulielea siku ya nne, jua likiwa bado upande wa macheo. Kutoka ofisini Faila aliuona ukinyooka, ule upande wa kushoto ukipanda polepole, kisha matishari yote matatu yakaanza kusogea nyuma kwa pamoja, na vibarua wa Matumba wakasimama wakipiga mayowe na kutupa karata hewani. Honi ya Mulonda ililia mara tatu. Machozi yakamtoka Faila bila kumwomba ruhusa.

Redio ikaita. Alikuwa Ngongo.

"Hongera, dada. Kazi nzuri sana. Sasa tusipoteze bahati hii. Uduvi wako magharibi wote, njia imechimbika. Tuingize funguo leo, waendelee kukaa huko mpaka msafara wa pili upite. Hutakuwa umemfungia mtu kitu, kwa sababu kule mashariki kumeshafungika kwenyewe."

"Hakukufungika kwenyewe. Watu walinyamaza kwa sababu niliwaomba."

"Faila."

"Niliapa, Mkurugenzi."

"Uliapa kwa ufunguo usio wako." Sauti yake haikuwa na ukali, ila uchovu. "Mtumbwi wa mihogo na tishari la watu laki moja, kweli unaona ni kitu kimoja?"

Swali hilo alikuwa amejiuliza tangu siku ya sombe, na ndipo alipogundua kwamba jibu alikuwa nalo.

"Tishari si kitu kimoja na mtumbwi. Ila tishari likikwama, wewe unapiga redio, mimi naacha kila kitu, watu mia nne wanasimama gatini, na mimi napeleka chakula. Mtumbwi ukikwama hakuna anayejua. Kengele ndiyo redio yao pekee. Nilipoiandika sikufikiri hivyo. Leo nimefikiri, na ningeiandika vilevile."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa upande wa Ngongo.

"Basi nitalazimika kukusimamisha kazi," alisema. "Fundi mwingine atafika baada ya siku kumi, umkabidhi ufunguo. Samahani, dada. Msalimie Aziza."

"Nitamsalimia."

Alizima kioo, akafunga mlango wa ofisi, akashuka gatini akiwa amejifunga kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda shamba.

Ng'ambo walikuwa wameshaanza. Mtumbwi wa mti mmoja ni mzito hata ukiwa mtupu, na juu ya mchanga wenye maji ya kufika kifundo cha mguu ulihitaji watu wanane: wanne mbele na kamba, wanne nyuma na mikono. Waliburuta kutoka Ngendwe hadi ncha ya kisiwa, wakageuza, wakarudi. Mitumbwi kumi, kisha ishirini, kisha hakuna aliyehesabu. Anyesi alianzisha wimbo uliokuwa na jina la Faila ndani yake na maneno yasiyomsifu, na Faila, akisukuma nyuma ya mtumbwi wa Mama Lusamba, ilimbidi aitikie kiitikio kama wengine.

Mchana ukapita hivyo. Mikono ilichubuka. Maji hayakuongezeka hata upana wa kidole, na wanawake wawili wazee walikaa chini mchangani wakasema wao basi. Faila alitazama magharibi, mahali uduvi walipokuwa wakiendelea kutikisa mchanga chini ya njia ambayo tayari haikuwa na mtu, na alijiuliza kama kengele zilikuwa zinafika kweli, au alikuwa amewachosha watu hawa kwa jambo jingine tena asilolijua.

Ndipo wakaona boti ya kuokolea ya msafara ikizunguka kisiwa. Ndani yake kulikuwa na watu saba, na Mulonda amesimama mbele.

"Wewe!" Mama Lusamba alipiga kelele. "Si ulikuwa unakwenda gatini kupakua?"

"Nimetia nanga chini ya kisiwa, Mama. Injini imepata joto, inahitaji kupumzika."

"Injini ina joto?"

"Nimeandika hivyo kwenye kitabu." Alikwisharuka majini, suruali imekunjwa hadi gotini. Alimfikia mkewe, akaviona viganja vyake vilivyochubuka, akamsogeza kwa kiuno na kushika mahali pake nyuma ya mtumbwi. "Wenzangu, kamateni. Wamekaa nchi kavu siku nne kwa ajili yetu."

Wafanyakazi wa msafara walikuwa watu waliozoea kusukuma vizito. Mitumbwi ikaanza kwenda mbio. Baadaye kidogo mashua mbili zikaja kutoka Matumba na vibarua waliochoka kucheza karata, na wa kwanza wao, mtu wa miraba minne, aliuliza wapi pa kushika. Hakuna aliyekuwa amewaita.

Jua lilikuwa limeshalala upande wa kisiwa Faila alipokanyaga na mguu wake ukazama hadi katikati ya muundi. Aliinua mguu, akakanyaga pengine. Ukazama tena. Mchanga ulikuwa unamsisimua kati ya vidole, umelegea kama uji, ukiondoka chini yake na kumfanya ayumbe.

"Simameni!" alisema. "Simameni, sikieni miguuni!"

Watu wote wakasimama katikati ya mto, kimya, wakitazama chini ingawa hapakuwa na cha kuona. Mmoja mmoja wakaanza kucheka kwa kutekenywa nyayo. Mama Lusamba alikuwa ameegemea mtumbwi wake kupumzika, na mtumbwi ukamponyoka, ukasogea wenyewe kwa mkondo hatua mbili, tatu, ikabidi aukimbilie kama mbuzi aliyekata kamba.

*

Mkondo wa mashariki ulichukua siku tisa kurudi, na haukurudi wote. Siku ya kumi, msafara wa pili ukiwa umeshafika na unangoja juu ya kisiwa, alifika fundi mpya, msichana aitwaye Njaza. Faila alimkabidhi ufunguo kama alivyoagizwa, na kabla ya kuondoka alimwomba jambo moja: avuke na wanawake wa Ngendwe kwenda na kurudi kabla hajabadilisha chochote. Njaza alivuka. Jioni alipiga redio kwa Mkurugenzi, akasema na yeye hataki kuingiza ufunguo mpaka watu wa pande zote mbili wakutane.

Mkutano ulifanyika Matumba, kwenye ghala, na ulichukua siku mbili kwa sababu kila mtu alikuwa na la kusema. Ngongo mwenyewe alikuja. Sheria ya kengele iliachwa kama ilivyo, na pakaongezwa siku za kimya: kiangazi, kila msafara mkubwa ukikaribia, mitumbwi ya Ngendwe ingepumzika siku mbili, si nne, na msafara ungewalipa wenye mihogo kwa unga. Baada ya kupita, matishari yaliyopakuliwa Matumba yangezunguka kisiwa mara moja kwa upande wa mashariki, yakiwa matupu kabla ya kupakiwa mbao, ili kuita uduvi warudi. Mulonda alilalamika kuwa ni kupoteza mafuta. Mama yake alimwambia akae.

Faila hakurudishiwa ofisi. Alipewa kazi ya kutangaza siku za kimya, akipita kijiji kwa kijiji kwa boti, na mshahara wake ulipungua, na alilala vizuri zaidi.

Siku ya kwanza ya kimya iliyopangwa, alifika Ngendwe asubuhi kutangaza, akakuta hakuna haja. Mitumbwi yote ilikuwa imepandishwa juu. Mama Lusamba alikuwa ameuvuta wa kwake hadi mahali palipoinuka, ameugeuza kifudifudi, na ameketi juu yake na kitenge kipya, miguu ikining'inia, akimngoja mwanawe apite.